Kitenzi "Get" na Ujumbe wa Mjukuu



Ndugu wasomaji, baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha tena katika ukurasa huu wa familia, leo tumekusudia kuzungumza juu ya jambo ambalo kwa mtazamo wa haraka laonekana dogo. Ni neno moja la Kiingereza, lenye herufi tatu tu, ambalo watoto wetu hukutana nalo tangu siku za mwanzo za masomo yao, na ambalo wengi wetu twadhani tunalijua. Neno lenyewe ni kitenzi "get".

Kilichotusukuma kulichagua ni kisa kilichomfika bibi mmoja jirani yetu. Ametupa idhini ya kukisimulia kwa sharti kwamba tusimtaje yeye wala jamaa zake, nasi tumelitimiza sharti hilo.

Bibi huyu ana mwanawe wa kiume anayeishi Uingereza pamoja na mkewe na mtoto wao wa miaka kumi. Mtoto amezaliwa huko, na Kiswahili chake ni cha salamu tu: shikamoo, marahaba, asante, nakupenda bibi. Baada ya hapo hurudi kwenye Kiingereza. Familia hiyo ilikuwa imeahidi kuja nyumbani kwa Idi el-Hajj, na bibi alikwisha paka chokaa chumba cha wageni na kununua magodoro mapya. Wiki chache kabla ya safari, mjukuu alimwandikia bibi yake ujumbe mfupi katika simu: "Bibi, Mum and Dad are not getting on."

Bibi hasomi Kiingereza. Akamwita mjukuu wake mwingine anayekaa naye, kijana wa kidato cha pili, amfasirie. Kijana alikuwa na hakika kabisa. Darasani walikuwa wamefundishwa kwamba "get on a bus" ni kupanda basi. Kwa hiyo akasema: "Bibi, anasema mama na baba hawapandi. Yaani ndege. Hawaji tena." Bibi akasikitika, kisha akamwambia kijana ajibu: usihuzunike mwanangu, Mungu akipenda mtakuja mwakani. Kijana akaandika hivyo kwa Kiingereza kizuri tu. Mtoto wa Uingereza hakuandika tena.

Idi ikapita, wageni hawakuja, na mambo yakaonekana kuthibitisha tafsiri ya kijana. Ilikuwa baada ya miezi miwili ndipo mwalimu mmoja mstaafu alipokuja kumjulia hali bibi, naye bibi, kwa fahari ya mwenye wajukuu, akamwonyesha jumbe za watoto. Mwalimu alipofika kwenye ujumbe ule akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Bibi, huu ulijibiwaje?"

Mtoto hakuwa akizungumzia ndege. Alikuwa akimwambia bibi yake kwamba baba na mama hawapatani.

Yaliyofuata baina ya wazee wa pande mbili na wale wana ndoa ni siri ya nyumba yao, nasi hatutaingia humo. Tunayoweza kuyasema ni maneno ya bibi mwenyewe aliyotuambia akiwa ameshika simu mkononi: "Mtoto aliniita nimsaidie, mimi nikamjibu habari za ndege."

Wasomaji wetu, kijana yule si mjinga, na tunaomba asilaumiwe. Alijua neno "get" na alijua neno "on". Hata maana aliyoitoa ipo kweli katika Kiingereza. Kosa lake lilikuwa ni lile ambalo sisi wazazi na walimu tumemfunza: kwamba neno la kigeni lina maana yake moja, uihifadhi, nawe utakuwa umelijua. Kwa majina ya vitu, kama meza na kitabu, njia hiyo yafaa. Kwa kitenzi kama "get" haifai hata kidogo, kwa sababu maana ya kitenzi hiki haikai ndani yake peke yake. Inakaa katika maneno yanayofuatana nacho. Hilo ndilo tunalotaka kulieleza leo.

Tuanze na asili yake. Neno hili halikuwa la Waingereza wa kale kwa sura tuliyo nayo leo. Lililetwa na watu wa Skandinavia waliovuka bahari na kufanya makazi kaskazini na mashariki ya Uingereza kuanzia karne ya 9. Katika lugha yao kulikuwa na kitenzi "geta", maana yake kupata. Waingereza wenyewe walikuwa na ndugu ya neno hilo, lakini wakilitumia zaidi likiwa limeungana na viambishi, na mmoja wa wazao wake bado anaishi: "forget", kusahau, ambalo mtu aweza kulifahamu kama kupoteza kile ulichokuwa umekishika. Huko Iceland, ambako lugha ya kale ya Skandinavia haikubadilika sana, neno "geta" siku hizi lina maana ya kuweza. Basi tangu mwanzo kitenzi hiki kilikuwa na tabia ya kuhama kutoka maana moja kwenda nyingine iliyo karibu nayo.

Wala tusidhani kuwa maneno makubwa ndiyo magumu. Waliotunga kamusi kubwa ya Oxford, ambayo toleo lake la kwanza lilikamilika mwaka 1928, hawakusumbuliwa sana na maneno marefu ya kitaalamu. Neno refu la udaktari huwa na maana moja na hueleweka kwa mistari michache. Vilivyowachosha ni vitenzi vidogo vya kila siku. Katika toleo la pili la mwaka 1989, neno lililopewa maelezo marefu kuliko yote lilikuwa kitenzi "set", nacho kina herufi tatu kama "get". Mtoto akisema kwamba maneno madogo ya Kiingereza yamemshinda, tumsadiki.

Sasa tukitazame kitenzi chenyewe kinavyofanya kazi. Tumeyapanga matumizi yake katika mafungu, ili mzazi aweze kukaa na mwanawe na kuyapitia.

Fungu la kwanza ni pale "get" inapofuatwa na jina la kitu. Hapa ndipo maana ya kupata inapoonekana wazi, lakini hata hapa Kiswahili hutumia maneno tofauti. "I got a letter" ni nimepokea barua. "Where did you get that khanga?" ni khanga hiyo umeinunua wapi. "Get me some water" ni niletee maji. "She got malaria" ni ameugua malaria. Na mtoto akimwambia mwalimu "I don't get it", hasemi kwamba hakupewa kitu, anasema hakuelewa. Kitenzi ni kimoja, nasi kwa Kiswahili tumetumia vitano.

Fungu la pili ni pale "get" inapofuatwa na neno la sifa. Hapa maana ya kupata hutoweka, ikabaki maana ya kuingia katika hali. "Get tired" ni kuchoka, "get angry" ni kukasirika, "get old" ni kuzeeka, "get fat" ni kunenepa, "get dark" ni giza kuingia. Mtoto anayefasiri neno kwa neno ataandika kwamba babu amepata mzee, naye atachekwa bure. Kiswahili kina neno moja la kila hali, Kiingereza hukopa "get" na kukiongezea sifa. Akishaijua kanuni hiyo moja, mtoto ataelewa mamia ya sentensi.

Fungu la tatu ni pale "get" inapofuatwa na mahali. Maana yake ni kufika. "We got to Tanga at noon" ni tulifika Tanga adhuhuri. Hapa pana jambo la kuangaliwa: husemwa "get to school", "get to the market", lakini "get home" bila ya "to". Watoto wetu wengi huliingiza neno "to" hapo, na ni kosa dogo linalosahihishwa kila mwaka.

Fungu la nne ni lile ambalo "get" hufanya kazi ya kauli ya kutendwa, hasa kwa jambo linalompata mtu. "He got hurt" ni aliumia. "They got paid" ni walilipwa. "She got lost" ni alipotea. Katika fungu hili mna maneno mawili yanayozihusu sana familia zetu, nayo tutayarudia hivi punde.

Fungu la tano ni kumfanya au kumwagiza mwingine atende. "I got the boy to eat" ni nilimbembeleza mtoto mpaka akala. "I got a kanzu made" ni nimeshonesha kanzu. Tazameni Kiswahili kilivyo chepesi hapa: tunashona, na tukimpa fundi kazi hiyo tunashonesha, silabi moja tu ikatosha. Mwanafunzi wetu anayeandika "I cut my hair" baada ya kutoka kwa kinyozi amejisingizia kazi ya mwingine. Alitaka kusema "I got my hair cut", yaani nimenyolewa.

Fungu la sita ni "have got". Hili huwapotosha wengi, kwa kuwa lina sura ya kupata lakini lina maana ya kuwa na kitu. "I've got two brothers" ni nina ndugu wawili wa kiume, si nimewapata. Na "I've got to go" ni sina budi kuondoka. Hapo, kama ilivyo kwa ndugu wale wawili, hakuna kilichopatikana.

Fungu la saba ndilo lililomkwaza kijana wetu: "get" pamoja na maneno madogo kama "up", "on", "off", "over", "through", "by", "back", "away". Hapa kila mwenzi huleta maana yake. "Get up" ni kuamka au kusimama. "Get back" ni kurudi. "Get over" ni kupona ugonjwa au kuisahau huzuni. "Get through" ni kuvuka mtihani au shida, na pia kumpata mtu kwa simu, hata mtu akisema "I couldn't get through" hutaka kusema kwamba simu haikupatikana. "Get by" ni kujikimu kwa kidogo kilichopo. "Get away with" ni kufanya kosa na usiadhibiwe.

Katika vyombo vya safari kuna kanuni nzuri ya kuwafunza watoto. Motokaa ndogo au teksi husemwa "get in" na "get out of". Basi, treni, meli, ndege na baiskeli husemwa "get on" na "get off". Kijana wetu alikuwa ameihifadhi kanuni hii barabara.

Lakini "get on" haikuishia kwenye vyombo. "How are you getting on at school?" ni unaendeleaje na masomo. "Get on with your work" ni endelea na kazi yako. "Grandfather is getting on" haina maana kwamba babu anapanda popote, bali umri wake unakwenda. Na watu wawili wakisemwa "they get on well", ni kwamba wanapatana, wanachukuliana, wanakaa kwa wema. Kwa hiyo alipousoma ujumbe ule, kijana alikuwa na maana nne au tano mbele yake. Angejiuliza tu: chombo kiko wapi katika sentensi hii? Hakuna ndege iliyotajwa wala basi. Waliotajwa ni mama na baba. Wanapotajwa watu wawili peke yao na chombo hakipo, maana iliyo karibu zaidi ni ya kupatana.

Hapa ndipo tunapotaka wazazi wetu, hasa wale wanaosema kwamba wao Kiingereza kimewapita, watutegee sikio. Msaada wa kukifahamu kitenzi hiki mnao majumbani mwenu, nao ni kitenzi chetu cha kupata.

Tazameni tunavyokitumia. Twasema amepata kazi, amepata homa, amepata mtoto, amepata ajali. Mtu akitajirika twasema siku hizi amepata, bila hata kutaja alichokipata. Kisu kikiwa kikali twasema kinapata. Tukikadiria muda twasema yapata miaka kumi. Tukieleza kusudio twasema kaa karibu upate kusikia. Na tukimsafia mtu jina lake twasema hajapata kuiba, yaani tangu azaliwe hajaiba. Kisha tukiongeza viambishi tunapata ukoo mzima: patia, patikana, patana, patanisha, pato, mapato, kipato, mapatano, upatanishi. Mgeni anayejifunza Kiswahili huhangaika na kupata kama mtoto wetu anavyohangaika na "get". Hatuhangaiki sisi kwa sababu hatukufunzwa neno hilo likiwa peke yake. Tulilisikia ndani ya maneno ya mama, likiwa na wenzake, maelfu ya mara.

Tofauti kubwa ni moja. Kiswahili hubadilisha maana kwa kugeuza mwisho wa kitenzi chenyewe, Kiingereza hukiacha kitenzi kilivyo na kuweka neno dogo baada yake. Pata ukiitia "-ana" inakuwa patana. "Get" ukiitia "on" inakuwa "get on". Maana ni ileile! Mzazi akimwambia mwanawe kwamba lile neno dogo la Kiingereza hufanya kazi kama mwisho wa kitenzi chetu, mtoto hataliruka tena wakati wa kusoma. Na tuseme kwa uchungu kwamba neno alilolitafuta mjukuu yule wa Uingereza lilikuwamo katika lugha ya bibi yake tangu zamani. Angefunzwa kusema "hawapatani", bibi angejifunga khanga usiku uleule akaanza kuwapigia simu wazee.

Jambo hili si geni pia kwa watoto wetu wanaohudhuria madrasa. Walimu wa Kiarabu huwafunza mapema kwamba kitenzi "raghiba" kikifuatwa na "fii" maana yake ni kukitaka kitu na kukipenda, na kikifuatwa na "an" maana yake ni kukikataa na kukipa mgongo. Neno dogo moja limegeuza maana kichwa chini. Katika Suuratun Nisaa, aya ya 127, kitenzi hiki kimekuja katika habari ya kuwaoa mayatima bila ya neno dogo kutajwa, na wafasiri wamezitaja njia zote mbili za kuifahamu: ya wale wanaotaka kuwaoa na ya wale wasiotaka kuwaoa. Mtoto aliyekwisha kulielewa hilo madrasani amekwisha kuelewa nusu ya tatizo la "get". Ni wajibu wetu kumwonyesha kwamba masomo yake mawili yanazungumza jambo moja, maana wengi wao huyafunga kila moja katika mfuko wake.

Sasa turudi kwenye yale maneno mawili tuliyoyaahidi: "get married" na "get divorced".

Kiswahili kina adabu kubwa katika mlango wa ndoa. Mwanamume huoa, mwanamke huolewa, wawili huoana, na walii huoza. Kiingereza husema "get married" kwa mwanamume na mwanamke vilevile, na neno linalofuata ni "to", si "with" kama watoto wetu wanavyopenda kuandika. Tafsiri ya kwenda Kiingereza ni rahisi hapa, kwani tofauti zetu zote humezwa na neno moja. Tabu ipo katika kurudi. Mtu akiandikiwa "my cousin got married", hajui binamu ni wa kike au wa kiume, wala hajui aseme ameoa au ameolewa. Hana budi kuuliza.

Katika kutengana ni hivyohivyo, na hapo uzito ni mkubwa zaidi. "They got divorced" yaweza kuwa mume alimwacha mke kwa talaka, au mke alijivua kwa khului, au ndoa ilivunjwa na kadhi. Kwa Kiingereza cha kawaida yote hayo ni mamoja. Kwetu si mamoja, kwani hukumu za mahari, za eda na za kurejeana hutofautiana kwa kadiri ya namna ndoa ilivyokwisha. Basi anayeletewa barua au hati kutoka ng'ambo yenye maneno haya asikimbilie kusema fulani ameachwa. Kitenzi cha Kiingereza hakikumwambia hivyo. Amwendee mwenye kujua, na aulize nani alitamka nini, na mbele ya nani.

Twende kwenye mambo ya shuleni, kwa kuwa wazazi wengi wanaotufuata katika ukurasa huu wana watoto wa kidato cha kwanza. Katika shule za msingi za serikali nchini kwetu Tanzania, mtoto husomeshwa kwa Kiswahili, na akiingia sekondari masomo karibu yote hugeuka kuwa ya Kiingereza. Miezi ile ya mwanzo ni mizito. Mtoto aliyekuwa wa kwanza darasani hujiona mjinga, naye si mjinga. Amebadilishiwa chombo tu. Yafuatayo yamewasaidia watoto wetu wenyewe.

Mtoto awe na daftari la sentensi, siyo daftari la maneno. Asiandike "get" na pembeni yake kupata. Aandike sentensi nzima aliyoikuta kitabuni, na chini yake aieleze kwa Kiswahili anachokisema nyumbani. Sentensi tatu kwa siku zatosha. Baada ya mwezi mmoja atakuwa na karibu sentensi tisini, na ataona mwenyewe jinsi zinavyojipanga katika yale mafungu saba.

Kila akikutana na kitenzi hiki ajiulize maswali mawili: kinafuatwa na nini, na wanaozungumziwa ni nani? Kinafuatwa na jina, sifa, mahali, au neno dogo? Maswali haya mzazi asiyejua Kiingereza aweza kuyauliza pia, kwani hayahitaji Kiingereza. Yahitaji kukaa na mtoto.

Katika insha za mtihani, mtoto asiitegemee "get" kupita kiasi. Walimu wa Kiingereza, hata huko Uingereza, kwa muda mrefu wamewahimiza wanafunzi watumie kitenzi mahsusi katika maandishi rasmi: "receive" kwa kupokea, "become" kwa kugeuka kuwa, "arrive" kwa kufika. "Get" ni neno la mazungumzo, la barua za ndugu na la nyumbani. Si neno baya, lakini kila vazi lina mahali pake.

Wakati uliopita wa kitenzi hiki ni "got". Wamarekani husema pia "gotten" wanapotaka kusema kwamba jambo limekwisha tendeka, nao wameihifadhi sura ya zamani ambayo Waingereza wengi wameiacha. Mtoto akiiona katika kitabu cha Marekani asidhani ni kosa la uchapaji. Lakini katika mtihani wetu aandike "got".

Na kuhusu simu zinazofasiri, hatuzikatazi. Lakini ukiipa simu neno moja, itakupa maana moja, nayo yaweza kuwa si yake. Uipe ujumbe wote kama ulivyoandikwa. Hata hapo, ikiwa ujumbe unahusu afya, ndoa, fedha au mtoto, usiishie kwenye simu wala kwa mtoto mwenzake. Mtafute mtu mzima mwenye kuijua lugha, au mpigie aliyeandika umuulize: umekusudia nini? Kuuliza si aibu.

Tunamalizia kwa nasaha mbili. Ndugu zetu mlio Uingereza, Marekani, Kanada na Ghuba, wafunzeni watoto Kiswahili kinachozidi salamu. Wafunzeni maneno ya furaha na maneno ya shida, maana iko siku watahitaji kumwambia bibi jambo ambalo hawawezi kuwaambia ninyi. Nasi tuliobaki nyumbani, tusiwapokonye watoto wetu Kiingereza kwa kuwalisha maneno makavu yasiyo na wenzake.

Bibi jirani yetu amejifunza jambo moja katika uzee wake. Siku hizi ujumbe wa mjukuu ukija, humwita kijana na kumwambia: "Nisomee. Kisha nisomee tena. Kisha niambie, anacheka au analia?" Kijana naye hufungua daftari lake kabla ya kujibu.

Mwenyezi Mungu atupatanishie nyumba zetu, na awape watoto wetu elimu yenye manufaa. Wabillahi tawfiiq.